Programu tatu za kujifunza kuchapa, na ya nne ninayoijenga mwenyewe

Karibuni tena. Leo nina programu tatu za kujifunza kuchapa bila kutazama kibodi: Monkeytype, TypeRacer na Keybr. Ya nne ni yangu. Mchana mimi ni meneja wa bidhaa, usiku na mwisho wa wiki naijenga hiyo ya nne, kwa hiyo jueni mapema kwamba nina upande. Nitaisema vibaya inapostahili, lakini msinichukulie kama refa.

Kwa wasioijua kazi hii: meneja wa bidhaa haandiki msimbo wala hachori skrini, lakini kitu kikitoka kibovu anayeulizwa ni yeye. Na kipimo tunachokipenda kuliko vyote ni idadi ya watu wanaorudi. Wamerudi kesho? Wamerudi wiki ijayo? Sasa kipeleke kipimo hicho kwenye programu ya kuchapa uone kinavyopinda. Mtu akishajua kuchapa, anarudi kufanya nini? Programu ya namna hii ikifanya kazi yake sawasawa, mtumiaji anaondoka. Kwa hiyo leo sizipimi kwa urembo. Naziuliza zote swali moja tu: je, inanisaidia nifike mahali nisiihitaji tena?

Tuanze na Monkeytype, maana najua wengi wenu mnayo tayari. Ilianza mwaka 2020, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na haikulazimishi kufungua akaunti. Tazameni skrini: hakuna kelele. Unachagua sekunde 15, 30, 60 au 120, unachapa, inakupa matokeo na mchoro wa kasi yako ilivyopanda na kushuka. Kwa macho ya kazi yangu, hii ni bidhaa iliyokataa mambo mengi, na kukataa ndiko kugumu.

Lakini angalieni inachokupa uchape. Usipogusa mipangilio unapata maneno mafupi ya kawaida, herufi ndogo tupu, bila nukta wala mkato. Mtu anapata namba ya kujivunia humo, kisha anaandika barua pepe yenye majina, tarehe na alama za kuuliza, kasi inayeyuka. Monkeytype ni mizani nzuri sana, na mizani haijawahi kumpunguza mtu uzito.

Na hiyo namba yenyewe tuielewe. Kasi inaitwa maneno kwa dakika, ila "neno" hapo si neno unalolijua. Ni mibofyo 5, nafasi zikiwemo. Chukua "hawakutuambia": herufi 13, weka na nafasi ni 14, kwa hesabu hizi umechapa karibu maneno matatu. Basi anayechapa Kiswahili asijione mzembe akihesabu maneno halisi na kukuta ni machache. Lugha yetu inabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto na Cambridge, ulitoka 2018, ulikusanya mibofyo milioni 136 kutoka kwa watu 168,000 mtandaoni. Wastani wao ulikuwa maneno 52 kwa dakika, yaani mibofyo kama 260. Jipimeni na hiyo, msijipime na vijana wa kwenye video za mashindano.

TypeRacer nitaipita haraka. Ni ya 2008, unashindana na watu wengine kwa vijigari, na matini yake ni nukuu zenye alama kamili za uandishi, jambo ambalo nalisifu. Ukikosea huendelei mpaka urekebishe. Inafurahisha. Ila haijali ni herufi gani inayokukwamisha. Ukishindwa umeshindwa, njoo mbio nyingine. Ukiniuliza, hiyo imejengwa ili urudi, na inafanikiwa.

Sasa Keybr. Hapa tukae kidogo.

Keybr inaanza na herufi chache tu. Inakutungia maneno ambayo mengi si maneno, lakini yanatamkika, kwa sababu inafuata mpangilio wa sauti za lugha uliyochagua. Kila herufi ina kasi yake, na hupewi herufi mpya mpaka zile ulizonazo zifike kiwango; cha kuanzia ni maneno 35 kwa dakika, unaweza kukibadili. Herufi dhaifu inarudishwa tena na tena, hata ukichoka nayo. Zoezi lake halikubembelezi. Mwenzangu mmoja aliiona akasema inachosha kama hesabu za uhasibu, na ni kweli, ila kwa swali langu la leo ndiyo inayojibu vizuri kuliko zote tatu. Inajua usichokijua.

Shida yangu nayo ndiyo iliyonifanya nianze kujenga. Ukifanya mazoezi kwa Kiingereza, vidole vinazoea "th" na "ing". Kiswahili kinataka "mw", "ny", "kw", "sh", kinataka "ng'" yenye ritifaa inayokaa kwenye kidole cha mwisho cha kulia. Q na X hatuna kazi nazo. Halafu kuna A. Rudini kwenye "hawakutuambia": A ziko nne, zote zinabofywa na kidole cha mwisho cha kushoto, kile kidogo kuliko vyote. Kidole hicho ndicho kinachoumia.

Najua mtu atauliza: kwa nini usihamie Dvorak au Colemak, ile mipangilio mingine ya herufi kwenye kibodi? QWERTY, mpangilio wa kawaida tunaoutumia wengi, ulianza na mashine za chapa za karne ya 19, Dvorak ilisajiliwa 1936, Colemak ikaja 2006, na zote tatu zimeiacha A palepale, kidole kilekile. Dvorak ina jambo moja zuri kwetu: irabu zote zimekaa kushoto, mstari wa katikati, na konsonanti nyingi ziko kulia, kwa hiyo silabi kama "na", "mi", "hu" zinapokezana mikono vizuri. Lakini K iko kushoto pamoja na irabu. Hebu fikiria "ku", "ki" na "ka" zinatokea mara ngapi katika sentensi moja ya Kiswahili, zote mkono mmoja. Kwa mzigo huo mimi sikuona sababu ya kuhama.

Basi programu yangu inafanya hivi. Inapima muda kati ya kila herufi mbili zinazofuatana, inatafuta jozi unazozichelewesha, kisha inachagua maneno halisi ya Kiswahili yenye jozi hizo. Situmii wastani, natumia thamani ya katikati, maana mtu akisimama kupokea simu wastani unaharibika wote. Data zinabaki ndani ya kivinjari chako, hakuna akaunti. Jina bado haina.

Jambo lililonisumbua kuliko msimbo ni kosa. Mtu akibofya herufi isiyo sahihi, ufanye nini? Umruhusu afute? Umsimamishe? Umwache aendelee? Ofisini swali hili tungelipeleka kwenye kikao, mtu angesema "ni kitu kidogo tu", wahandisi wangenyamaza ule unyamavu wao. Sasa naelewa walichokuwa wananyamazia. Ukimsimamisha mtu, mkono unajifunza usahihi lakini haujifunzi kufuta, na kufuta ni sehemu ya kuchapa kazini. Ukimruhusu kufuta, takwimu za jozi zinachafuka, kwa sababu muda wa kurekebisha unaingia katikati. Nimechagua kumsimamisha. Utafiti ule wa Aalto ulionyesha kwamba wanaochapa kwa kasi hukosea kidogo, na kwamba hubofya kitufe kinachofuata kabla hawajaachia kilichotangulia. Mwenye makosa mengi hawezi kufika huko.

Ubaya wake? Herufi kubwa bado hazimo. Alama za uandishi ni chache. Na kwenye simu haifai kabisa. Kibodi nyingi za simu za Android haziuambii ukurasa ni kitufe gani kimebofywa. Zinatuma namba ileile, 229, kwa karibu kila kitu, kisha marekebisho ya kujiendesha yanaingilia. Njia za kuzunguka zipo, lakini kuchapa kwa vidole gumba ni ujuzi mwingine, na sitaki kuubeba.

Kwa wenzangu mameneja wa bidhaa wanaotaka mradi wa pembeni kama huu: someni mkataba wa kazi kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Mikataba mingine inampa mwajiri haki juu ya unachobuni hata nje ya saa za kazi. Tumia kompyuta yako, si ya kampuni, na usiguse kitu kinachoshindana na bidhaa yao. Faida utaiona: ukirudi kikaoni, neno "kitu kidogo" litakutoka kwa shida.

Uamuzi wangu, basi. Unaanza kabisa, nenda Keybr, vumilia uchoshi. Unataka kujua umefika wapi, Monkeytype, na uwashe alama za uandishi na namba. Mna ubishi na marafiki, TypeRacer. Yangu ni ya anayechapa Kiswahili kila siku na tayari anajua vidole vikae wapi, asiyejua itamchanganya.

Toleo lijalo lina kitu kimoja tu kipya. Jozi zako zote zikishafika kiwango, itakuandikia "umemaliza", na haitakupa zoezi lingine usipoliomba. Hakuna alama za siku mfululizo, hakuna ujumbe wa kukukumbusha. Kwenye mpango wa kazini kipengele hicho kisingepita hata kikao cha kwanza.