Matamasha ya Vijana ya Leonard Bernstein kwenye DVD: uzoefu wangu

Seti ninayoizungumzia ina diski 9 zenye matamasha 25, kati ya 53 ambayo Leonard Bernstein, mtunzi na kiongozi wa okestra wa Kimarekani, aliyaongoza na okestra ya New York Philharmonic na kurushwa na televisheni ya CBS ya Marekani kuanzia 1958 hadi 1972. Kila moja linakaribia saa nzima. Kwa mwalimu wa kwaya anayesoma sol-fa, naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya picha na sauti.

Video ni ya mfumo wa picha wa Kimarekani, NTSC. Televisheni za zamani za mfumo mwingine, PAL, huionyesha bila rangi au picha ikapanda na kushuka. Kabla ya kuilaumu diski, weka tamasha la opera Fidelio la mwaka 1970. Hilo lina rangi, kwa hiyo likitoka jeusi na jeupe, kasoro iko kwenye mashine yako. Yale ya 1958 hayana rangi kabisa, ndivyo yalivyorekodiwa. Kwenye televisheni pana chagua umbo la 4:3, la sivyo Bernstein anavimba mashavu na fidla zinafanana na magitaa. Kuhusu sauti, ni mono, yaani ya mkondo mmoja tu. Zima madoido yote ya spika na usitegemee spika ya simu, kwa sababu besi na timpani (ngoma kubwa za okestra) zitapotea, na nusu ya somo la ala iko huko chini.

Usianze na diski ya kwanza na kwenda kwa mfuatano. Tamasha la kwanza, la 18 Januari 1958, linauliza muziki una maana gani. Anapiga mwanzo wa William Tell wa Rossini, watoto wanafikiria wachunga ng'ombe wa Kimarekani wakiwa mbioni, naye anawaambia hapana, maana ya muziki ni noti zenyewe. Hoja ni nzuri, ila mifano yake imefungamana na vipindi vya televisheni vya Marekani ya wakati ule, na mtoto asiyevijua anabaki nje ya mzaha. Mimi ningeanza na lile la 1966 kuhusu modi, yaani ngazi za noti zinazoanzia mahali tofauti. Anapita modi moja baada ya nyingine kwa vitufe vyeupe vya kinanda, na kwa mtu wa sol-fa ni mteremko: re hadi re ni Dorian, mi hadi mi Phrygian, fa hadi fa Lydian, so hadi so Mixolydian. Kisha anaonyesha kwamba hata Beatles, bendi ya Uingereza, walizitumia. Kosa la kawaida hapa ni kuimba re hadi re huku sikio likiendelea kuvutwa na do. Dawa yake ni mtu mmoja ashikilie re ya chini muda wote wengine wakipanda.

Baada ya hapo nenda kwenye lile la umbali kati ya noti, la 1965. Hapa ndipo unapoona kwamba anayefundisha ni mtunzi. Miaka 8 kabla yake, mchezo wa muziki aliouandikia nyimbo, West Side Story, ulifunguliwa Broadway, kwenye majumba ya maigizo ya New York, na wimbo wake "Maria" unaanza do–fi–so. Ile fi, yaani fa iliyopandishwa nusutoni, iko nusutoni 6 juu ya do, ni ruko gumu, na kwaya nyingi huishia kuimba fa kwa sababu sikio limezoea ngazi ya kawaida. Imbeni kwanza do–so mpaka itulie. Kisha so–fi–so mara kadhaa, fi ikiegemea juu kuelekea so. Mwisho do–fi–so, huku so ikiwa tayari kichwani kabla ya kuruka. "Cool", wa mchezo huohuo, unaanza na noti hizohizo tatu, kwa hiyo zoezi moja linafungua nyimbo mbili.

Tahadhari kwa viongozi wa kwaya: msiige mikono yake. Anaruka, anainama, anatikisa mabega, lakini mbele yake kuna wanamuziki wa kulipwa walioshika tempo wao wenyewe. Huyu aliingia ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 14 Novemba 1943 akiwa na miaka 25, kuziba nafasi ya kiongozi wa okestra Bruno Walter aliyekuwa mgonjwa, bila mazoezi na okestra, na tamasha likaenda hewani redioni. Ukirukaruka mbele ya waimbaji 30, wataongeza mwendo tu. Kinachofaa kuigwa ni pumzi yake kabla ya pigo la kwanza, na macho yanayomtazama mpigaji kabla zamu yake haijafika.

Manukuu ya Kiswahili hayapo, na Kiingereza chake kina kasi. Kwa darasa, simamisha kila baada ya dakika 10 na upige mfano uleule kwenye kinanda. Akiimba mwenyewe sauti inakwaruza, lakini yuko kwenye noti.

Tamasha la 1960 kuhusu mtunzi Gustav Mahler liacheni mpaka wanafunzi wazoee muziki mrefu. Wakati huo simfonia za Mahler hazikupigwa mara nyingi Marekani, na Bernstein anamtetea mbele ya watoto mtu ambaye wazazi wao wengi hawakumjua. Baadaye alirekodi simfonia zake zote 9, na alipozikwa Brooklyn mwaka 1990 aliwekewa noti za ile ya tano jenezani.