Msumeno mpya wa mnyororo: wa petroli au wa betri?

Wa petroli ndio wenye matunzo mengi. Petroli yake huchanganywa na oili, kwa mashine nyingi za sasa mililita 20 kwa lita 1, na msumeno ukilala miezi na mafuta ndani, kabureta (sehemu inayochanganya mafuta na hewa) huziba. Ukigoma kuwaka, usivute kamba mpaka mkono ufe ganzi: fungua plagi, ile inayotoa cheche. Imelowa? Injini imekunywa mafuta kupita kiasi; ikaushe, ondoa choki (kizuia hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi), vuta tena. Ni kavu? Mafuta hayafiki.

Wa betri hauna hayo. Unabonyeza, unakata. Ila betri ikichakaa, mpya ni ghali, wakati plagi na kichujio ni bei ndogo.

Kwenye mnyororo hakuna mshindi. Yote miwili hutaka oili ya mnyororo, tupa ya kunolea meno, na kukazwa mara kwa mara siku za mwanzo, kwa sababu mnyororo mpya hulegea. Kaza mnyororo ukiwa umepoa, injini imezimwa au betri imetolewa. Wengi huilaumu mashine bure: msumeno ukitoa unga laini badala ya vipande, meno yamekuwa butu.

Kwa kupogoa matawi karibu na mahali pa kuchajia, betri inatosha. Kwa kuangusha miti kutwa porini, chukua petroli.