Kalamu ya wino ya kuchorea mitumbwi: ipi ununue, ipi uikimbie

Jumapili moja nilikaa ukingoni mwa Bwawa la Hombolo nikachora mtumbwi uliofungwa kwenye kisiki. Ubavu ulitoka vizuri, kasia nalo. Nilipopitisha brashi ya maji nitie kivuli chake majini, wino mweusi ukaachia. Ukageuka zambarau, ukateremka mpaka chini. Bwawa zima likawa maji ya kufulia sare za shule. Na muuzaji aliniapia haitoki!

Kwa hiyo mambo ya umbo na urembo wa kalamu tafuteni kwingine. Mimi nauliza moja: ukipaka maji juu ya mstari, unabaki? Wino wa rangi ya kuyeyuka huachia. Wenye chembe za rangi, yaani pigmenti, ukishakauka umeganda. Anayechora nyumba anaweza kukwepa. Sisi wa mitumbwi nusu ya picha ni maji juu ya wino.

Namba moja ni Sakura Pigma Micron, na upendeleo wangu siufichi. Wajapani hawa wana wino wa pigmenti tangu 1982. Natumia 01 (milimita 0.25) kwa kamba na viwimbi, 05 (0.45) kwa ubavu. Upe mstari dakika chache kabla ya brashi, na usikandamize: kwenye karatasi nene yenye mparuzo ncha huzama ndani, ndiyo basi tena.

Ya pili Staedtler pigment liner, inavumilia kusahauliwa bila kifuniko, na upepo wa Dodoma mnaujua. Ya tatu Uni Pin. Haina kosa, sina mapenzi nayo tu.

Mfuko umetoboka? Bic ya kawaida. Maka peni hapana, inapenya karatasi.

Ila wauzaji! Ukiomba kujaribu: "Dada, ukifungua umenunua." Ukiuliza bei, "mzigo umetoka Dar." Treni ya SGR inafika hapa tangu 2024, lakini kalamu zinauzwa kana kwamba zimetembea kwa miguu kutoka Kariakoo.

Juzi mmoja alikubali. Nikachora mstari kwenye karatasi yangu, nikasubiri amalize kumhudumia mama wa madaftari, nikalamba kidole, nikasugua. Haukutikisika. Nikachukua mbili, na bei sikubishana.