Sanduku la vitufe vya kemia: matundu yanafundisha, kijitabu kinapotosha

Nilinunua sanduku hili kwa shilingi 35,000 katika duka moja la vifaa vya shule, Kariakoo, baada ya kugundua kwamba binti yangu wa kidato cha pili alikuwa amekariri fomula nyingi pasipo kujua namba zilizomo zinahesabu nini. Ndani mna vijiti na vitufe vya plastiki vya kuundia mifano ya molekuli, yaani vikundi vya atomi zilizoungana: vyeusi ni kaboni, vyekundu oksijeni, vyeupe haidrojeni.

Uzuri wake uko kwenye matundu. Kitufe cha haidrojeni kina tundu moja, cha oksijeni mawili na cha kaboni manne, hivyo valensi, yaani idadi ya viungo ambavyo atomi moja huweza kufanya, ambayo darasani huonekana kama fumbo, hapa hushikika kwa vidole. Jioni ya kwanza nilimwandikia 2H₂O. Akahesabu vyeupe vinne na vyekundu viwili, akaviunga vyekundu pamoja, akachomeka cheupe kimoja kila upande, kisha akabaki na vyeupe viwili mkononi visivyo na pa kuingia. Bila kukusudia alikuwa ameunda H₂O₂, yaani haidrojeni peroksaidi, ambayo hakuna atakayetaka kuinywa badala ya maji. Alipobomoa na kuunda molekuli mbili zilizotengana, alieleza mwenyewe kwamba namba ya mbele huhesabu molekuli nzima, ilhali ile ndogo ya chini huhesabu atomi za elementi iliyoitangulia tu.

Kijitabu kilichomo, kwa upande wake, kimeandaliwa kizembe. Chokaa iliyozimwa imeandikwa CaOH2, bila mabano na namba ikiwa sawa na herufi kwa ukubwa, ilhali fomula sahihi ni Ca(OH)₂, ambapo 2 iliyo nje huzidisha kila kilichomo ndani ya mabano na kutupatia oksijeni mbili na haidrojeni mbili. Anayeisoma ilivyochapwa atahesabu oksijeni moja. Kosa hilo lingevumilika kwenye tangazo la rangi za nyumba, si kwenye kifaa cha kumfundishia mtoto kusoma fomula. Nimelisahihisha kwa kalamu.

Chumvi ya mezani nayo imechorwa kama vitufe viwili vilivyounganishwa kwa kijiti, kana kwamba NaCl ni molekuli. Katika fuwele ya chumvi kila ioni (atomi yenye chaji ya umeme) ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloridi, na fomula hutaja uwiano wa 1:1 tu. Mzazi asiyekumbuka kemia hatalitambua hilo.

Vitufe vyenyewe ni imara, ila ni vichache. Vyeupe ni kumi, kwa hiyo glukosi, C₆H₁₂O₆, haiundiki. Niliporudi dukani kuulizia vya ziada, muuzaji alinijibu kwa upole kwamba haviuzwi peke yake, labda ninunue sanduku jingine.