Nimehamisha OpenLDAP kutoka HDB kwenda MDB, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, kama kuna mtu bado ana OpenLDAP (programu ya saraka inayotunza majina na paswedi za watumiaji) ya zamani yenye HDB au BDB chini yake, yani njia za zamani za kuhifadhi data kwa Berkeley DB, hamia MDB mapema. Mimi nilikaa nayo miaka na kilichonitesa sio spidi, ni umeme. Ukikatika na UPS ikaishiwa chaji, ukiwasha seva unaanza na db_recover (amri ya kurekebisha database), na muda wote huo ofisi nzima haiwezi kulogini, sio kwenye imeili sio kwenye kompyuta, maana paswedi zote zinasomwa hapo hapo. Halafu lile faili la mipangilio, DB_CONFIG! Upange kashe (memori ya muda) ya Berkeley DB, kisha kashe ya entri ya slapd yenyewe (ndo seva ya OpenLDAP), kisha ya IDL (orodha za namba za entri), yani kitu kilekile kinakaa kwenye memori mara mbili, na usipofuta zile faili za log.0000 zinakujazia diski.

MDB inatumia LMDB, database ya Howard Chu wa Symas, ilitoka 2011. Kashe ya kupanga haina kabisa, faili la data.mdb linasomwa kama vile lote liko memori na kernel (kiini cha mfumo endeshi) ndo inaamua kipi kibaki kipi kitoke. Ila nilichokipenda zaidi ni uandishi wake: haigusi data ya zamani, inaandika mpya pembeni ikimaliza ndo inahamia huko, kwa hiyo umeme ukikata katikati unakuta ile ya mwisho iliyokamilika ipo salama. Tangu nihame umekatika mara nyingi tu, nawasha seva na slapd inaamka yenyewe bila kurekebisha chochote.

Kuna kitu kimoja lazima ukiweke mwenyewe nacho ni olcDbMaxSize, yani ukubwa wa mwisho wa database. Usipoiweka kikomo ni MB 10 tu! Mimi slapadd (amri ya kuingiza data) iligoma katikati na kosa la MDB_MAP_FULL, nikahangaika na diski wakati diski ina nafasi tele. Nikaweka 1073741824, yani GB 1, ikapita. Pia database usiiweke kwenye NFS (diski ya mtandao), na ujue ukifuta entri faili halipungui, nafasi inatumika tena humo humo. Anaandika mmoja kwa wakati lakini kwa saraka sio tatizo, watu wanasoma kuliko kuandika na wanaosoma hawamsubiri anayeandika.

Wanaofikiria back-sql (njia nyingine ya OpenLDAP ya kusoma data kutoka database ya SQL) ili waunganishe na MySQL, achaneni nayo, hata waliotengeneza wanasema haikutengenezwa kuchukua nafasi ya hifadhi ya kawaida ya saraka.

Kuhama kwenyewe ni slapcat (amri ya kutoa data yote), unabadilisha konfigi, slapadd -q, halafu chown (kumpa slapd umiliki wa faili) kama uliiendesha kwa root la sivyo slapd haiwaki. Ila slapcat fanya KABLA ya kupandisha toleo, kwa sababu kuanzia 2.5 ya mwaka 2021 BDB na HDB zimeondolewa kabisa na slapcat mpya haitaweza kusoma lile faili lako la zamani.