MemorEM: Kofia ya Mawimbi kwa Wagonjwa wa Alzheimer

Mimi ninamuuguza mama yangu mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu, ambaye sasa husahau hata majina ya wanawe, kwa hiyo nimeipima kofia ya MemorEM kwa matokeo yaliyochapishwa, bila haraka ya kuisifu wala kuikataa.

Kifaa hiki cha majaribio, kilichobuniwa na kampuni ya NeuroEM Therapeutics ya Marekani, huvaliwa nyumbani kwa saa moja, mara mbili kwa siku, na vitoa mawimbi vyake vinane hupeleka ubongoni mawimbi ya sumakuumeme ya takriban megahezi 915, yanayokaribiana na yale ya simu za mkononi. Mgonjwa huweza kutembea ndani ya nyumba tiba ikiendelea. Hilo nalihesabu kuwa sifa kubwa, kwa sababu mgonjwa wa Alzheimer akilazimishwa kutulia mahali pamoja hufadhaika upesi.

Chimbuko lake ni panya. Mwaka 2010, Gary Arendash na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Florida walichapisha utafiti wa panya 96, wengi wao wakiwa wamebadilishwa jeni ili wapate dalili za ugonjwa huo, ambao vizimba vyao vilipangwa duara kuizunguka antena. Waliwekwa kwenye mawimbi kwa muda wa saa mbili kila siku kwa miezi kadhaa. Arendash alitazamia madhara. Kinyume chake, panya vijana walikingwa dhidi ya kudhoofika kwa kumbukumbu, wazee wakarejeshewa yao, na marundo ya beta-amiloidi, protini inayohusishwa na Alzheimer, yakapungua ubongoni.

Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilikuwa na wagonjwa 8 tu kwa miezi miwili. 7 kati yao walipata nafuu katika vipimo vya kumbukumbu na kufikiri, na hakuna madhara makubwa yaliyoonekana. Hata hivyo, hapakuwa na kundi lililovaa kofia isiyotoa mawimbi, na mtu anayerudia mtihani uleule huweza kuuzoea, tena familia yenye matumaini huona nafuu mapema. Aidha, Arendash ndiye kiongozi wa kampuni yenyewe.

Kwa sasa nisingetoa fedha kuinunua kama tiba, ila ningekubali mama ashiriki jaribio lenye kundi la kulinganisha, chini ya daktari wake. Ingawa mawimbi yake yanakaribiana na ya simu, kumshikilia mgonjwa simu sikioni kwa saa nzima hakuwezi kuchukua nafasi ya kofia hii, maana vitoa mawimbi vyake vimepangwa kukizunguka kichwa chote kwa kiwango kilichopimwa.