Mgongo wa mlima au bondeni: upite wapi mwanzo wa vuli?

Mwishoni mwa Septemba, vuli (majira ya kabla ya baridi) inapoanza katika nchi za kaskazini, mchana na usiku hukaribia kulingana, kwa hiyo anza kwa kuhesabu saa za mwanga. Mgongo wa mlima hushinda hapa: jua hukawia kuuacha, ilhali bondeni kivuli huingia mapema, hasa chini ya miti.

Hali ya hewa ndiyo yenye uzito zaidi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila upandapo mita 1,000, na upepo wa juu huzidisha baridi; beba koti la kuzuia upepo, kofia na glavu. Ukungu ukitanda juu, njia hupotea machoni, wakati bondeni mto unaweza kukuongoza. Lakini asubuhi tulivu hewa baridi hutuama bondeni pamoja na ukungu, na juu kukawa kweupe kabisa. Kwa asubuhi kama hizo, mimi huchagua juu.

Maji yapo bondeni, ila yachemshe au yachuje. Majani yaliyolowa juu ya mizizi huteleza vibaya.

Ukiwa na watoto, au mawingu yameshuka, shika bonde. Anga ikiwa safi na miguu imezoea, panda, lakini panga saa ya kugeuka kabla hujaondoka.